Kidevu Juu, Masikio Nje

Jina alilopewa na wazazi wake, watu wa mtaa ule walishalisahau zamani. Walimwita Mzee Kidevu Juu, kwa sababu kwa miaka arobaini hakuna aliyekalia stuli ya studio yake bila kuambiwa, "Kidevu juu! Tabasamu kidogo, usicheke." Na juu ya mlango, kwa rangi nyekundu aliyoipaka mwenyewe, aliandika: PICHA YETU HAIDANGANYI.

Uongo mtupu! Mzee yule akiona chunusi, mkono unamwasha. Akiona kovu, pengo, au kipara kinachoanza kubisha hodi, hatulii mpaka achukue brashi yake nyembamba amalize kazi. Mwenyewe aliita "kupangusa", utadhani anatoa vumbi. Hakumwambia mtu, na wateja hawakuuliza; nani atalalamika kwamba ametoka mzuri? Ubaya ni kwamba ukutani palining'inia cheti cha ofisi ya uraia, kilichomruhusu kupiga picha za vitambulisho na pasipoti, na mstari wa tatu wa cheti hicho ulisema picha isiguswe hata kidogo. Mzee alikitundika juu kabisa, karibu na dari, mahali ambapo miwani yake haikufika.

Sasa Jumatano moja asubuhi akaingia mkwewe, mke wa mwanawe wa pekee, bado yuko kwenye sare ya uuguzi, bahasha kubwa ya kaki mkononi, binti yake nyuma.

"Baba, kiapo kimefika jana," alisema, na hata kuketi hakuketi. "Nina zamu leo, kesho na keshokutwa. Kazi hii sasa ni yako."

Kiapo hicho walikuwa wamekisubiri miezi mitano. Mwana wa Mzee alikuwa fundi wa mitambo ya meli, mtu wa kuonekana nyumbani wiki sita kwa mwaka, na binti yake alizaliwa ng'ambo, kwenye mji wa bandari alikokutana na huyo muuguzi. Sheria ilisema mtoto wa namna hiyo anaupata uraia kupitia kwa baba, mradi aandikishwe kabla hajatimiza miaka kumi na miwili. Binti alikuwa anatimiza Jumamosi. Baba mtu alikuwa katikati ya maji, lakini meli ilipotia nanga mahali penye ubalozi alikimbia akala kiapo kwamba mtoto ni wake, akaambatisha nakala ya pasipoti, akatuma.

"Ijumaa ikipita, njia ya baba imefungwa," mkwewe akasema. "Ataomba kama mgeni mwingine yeyote, na kibali chake cha kukaa kinaisha mwezi ujao. Wakimkatalia tutarudi nilikotoka, mimi na yeye, na kule sina tena mtu."

"Mgeni?" Mzee akafoka. "Huyu anayejua ninapoficha biskuti zangu? Nenda kazini, mwanangu. Leo leo narudi na mhuri."

Kilichopungua ilikuwa picha ya mtoto tu, na picha, jamani, si ndiyo kazi yake? Akamkalisha binti kwenye stuli. Binti akashusha nywele zikafunika masikio.

"Kidevu juu. Nywele nyuma, bibie. Ofisi inataka masikio yaonekane."

"Babu, hapana." Sauti ikawa ndogo. "Shuleni wananiita Milango Wazi."

Ni kweli yalikuwa masikio ya kuonekana. Yalisimama pembeni mwa kichwa kama vishikio vya sufuria, na jua la dirishani lilipita ndani yake likayafanya mekundu. Mzee aliyatazama, moyo ukamlainika, maana stuli ile ile ilishakaliwa na mvulana wa miaka kumi na minane mwenye masikio hayo hayo.

"Babu, huwezi kuyapunguza? Kidogo tu."

Hapo ndipo mtu mwenye akili angesema hapana. Lakini mwomba ni mjukuu, na mkono ulishaanza kuwasha. Siku hizi brashi ilikuwa ndani ya kompyuta. Akabofya hapa, akafuta pale, masikio yakalala. Binti alipojiona kwenye karatasi alimrukia shingoni akacheka mpaka akapaliwa, na babu mtu akajiona mfalme.

Wakaenda. Dirisha la saba alikaa mwanamke wa makamo aliyeitwa na wapanga foleni Mama Mhuri, kwa kuwa mhuri wake ulikuwa kwenye meza yake ukiombwa na kila mtu, na yeye hana haraka nao. Akasoma kiapo neno kwa neno. Akatoa faili ya zamani ya baba mtoto, yenye picha ya kitambulisho chake cha kwanza. Kisha akapanga picha tatu mbele yake: ya faili, ya pasipoti, na ya binti.

"Mzee," akasema, "mtoto wa kwenye picha anafanana na baba wa kwenye faili. Vizuri. Lakini baba wa kwenye faili hafanani na baba wa kwenye pasipoti. Binti, hebu weka nywele nyuma. Ehe! Na mtoto aliyesimama hapa hafanani na mtoto wa kwenye picha. Nimekaa dirishani miaka ishirini, sijawahi kuletewa familia mbili kwenye bahasha moja."

Foleni ikaangua kicheko. Picha ya faili aliipiga Mzee mwenyewe, miaka ishirini iliyopita. Mvulana alimwambia, "Baba, nipunguzie masikio," naye akayapunguza kwa brashi na wino wa kijivu. Ile ya pasipoti ilipigwa ng'ambo, na mashine isiyo na huruma.

"Ni mwanga, mama," Mzee akababaika. "Mwanga mkali hula masikio."

"Hula masikio!" mtu akarudia nyuma, na kicheko kikaanza upya.

Mama Mhuri hakucheka. "Niletee uthibitisho kwamba huyu na huyu ni mtu mmoja. Na picha ya mtoto ambayo haijaliwa na kitu. Nafunga Ijumaa saa tisa na nusu."

Njiani binti alitembea ameinamisha kichwa. Walipofika kwenye kona ya duka la viatu akasimama, machozi yakamtiririka. "Ni kwa sababu ya masikio yangu, Babu. Wangekuwa wameshanikubali."

Eh, maneno yale yalimchoma Mzee kuliko kicheko chote cha foleni. "Sikiliza," akasema, akaketi kwenye ngazi ya duka bila kujali suruali yake nzuri. "Masikio yako hayana kosa. Kosa ni la mkono wangu. Baba yako naye aliniomba, na mimi nikamfuta."

"Baba aliomba?" Binti akafuta pua kwa mkono. "Baba naye alikuwa anaona aibu?"

"Walimwita Ndege Ulaya. Ati atapaa siku yoyote."

Binti alijaribu kujizuia, akashindwa, akacheka na machozi yake usoni.

Jioni mkwewe aliposikia habari yote, aliketi, safari hii aliketi kweli. Mzee akamweleza kwamba dawa ipo: negativu, ile filamu ya kwanza ya picha. Brashi ilipita juu ya picha iliyosafishwa, lakini negativu yenyewe hakuigusa, na tangu afungue studio hajatupa negativu hata moja. Zimo zote kwenye makopo ya maziwa ya unga, kila moja na bahasha yake na namba.

"Lakini Baba, ukiipeleka utakuwa umekiri. Watakunyang'anya cheti."

Mzee akatazama juu karibu na dari. Cheti kile kilikuwa nusu ya riziki yake, na zaidi ya riziki, kilikuwa jina lake.

"Wakichukue," akasema. "Cheti hakiniiti Babu."

Alhamisi binti hakwenda shule. Walimwaga makopo kumi na moja sakafuni, wakapiga chafya kwa zamu, na saa sita mchana binti akapiga ukelele: namba ya picha ya baba yake. Mzee akafungua chumba cha giza ambacho kwa miaka minane kilikuwa stoo ya ndoo na mifagio. Dawa ya unga alikuwa nayo kwenye mkebe uliobanwa vizuri; karatasi ilikuwa imepitwa na wakati, lakini na yeye pia, alisema, na bado anafanya kazi. Akawasha taa nyekundu, akaizamisha karatasi kwenye beseni.

"Mbona haina kitu?" binti akanong'ona.

"Subira, bibie. Itikise taratibu."

Kwanza zikaja nywele, halafu macho. Halafu, kutoka kwenye weupe, likachomoza sikio la kushoto, likafuatwa na la kulia, makubwa, yamesimama wima, hayana habari na mtu. Mvulana wa miaka kumi na minane akamtazama binti yake kutoka ndani ya maji.

"Ni mimi!" binti akapiga kelele mpaka ndoo zikaitika. "Babu, ni mimi kabisa!"

Miaka ishirini Mzee alijisifu kwamba alimsaidia mwanawe, na leo ndiyo mara ya kwanza anamwona kwenye karatasi. Alimkumbuka kwa nguvu, akatamani bahari ikauke arudi kwa miguu.

Walipotoka nje binti alikwenda moja kwa moja kwenye stuli. Akakusanya nywele zote kwa mikono miwili, akazifunga nyuma kwa mpira wa bahasha. "Piga," akasema. "Na mikono yako niione, Babu."

Mzee akapiga, akaenda kukaa juu ya mikono yake mpaka karatasi ikatoka.

Ijumaa saa tatu walikuwa dirisha la saba. Mzee akaweka negativu, akaweka picha mpya ya zamani, akaweka picha ya binti, na juu yake akaweka cheti, fremu na vumbi lake. Akapiga moyo konde.

"Mama, picha ya faili niliiharibu mimi. Na ya mtoto pia. Hakuna mwanga uliokula kitu. Mtoto aliona aibu, mimi badala ya kumfundisha nikamfuta. Niadhibu mimi, lakini huyu ni mwana wa mwanangu. Muulize yeyote mwenye macho."

Mama Mhuri akainua negativu kwenye mwanga, akaigeuza. Akatazama pasipoti. Akamtazama binti, aliyesimama kidevu juu, masikio nje, mekundu kwa woga. Kisha akafungua mtoto wa meza, akatoa kitambulisho chake mwenyewe, akakisukuma kwenye kioo.

"Mzee, unamkumbuka huyu?"

Mzee akavaa miwani. Alikuwa yeye mwenyewe, Mama Mhuri, mdogo kwa miaka kumi, shavu laini kama yai. Na shavu lililokuwa mbele yake lilikuwa na doa jeusi la kuzaliwa, kubwa kama punje ya dengu. Mzee akatamani ardhi ipasuke.

"Mume wangu alinioa kwa ajili ya doa hili," Mama Mhuri akasema. "Kila nikivuka mpaka naambiwa, mama, acha kutumia kitambulisho cha mdogo wako. Miaka kumi nimejiuliza doa langu lilikwenda wapi!"

Akaanza kucheka. Lo, kumbe alikuwa anajua kucheka! Alicheka mpaka miwani ikamdondoka, na foleni nayo ikalipuka. "Na pengo langu, Mzee, uliliweka wapi?" akauliza mwenye kofia. "Mimi ulinipa nywele!" akasema kipara mmoja, na hakuonekana kukasirika.

Mama Mhuri alipopata pumzi akakunja uso tena, maana sheria ni sheria. Cheti akakitia kwenye kabati: miezi mitatu Mzee asipige picha ya ofisi, na kila aliyempangusa ambaye anataka uso wake, amrudishie bure, akianzia na yeye Mama Mhuri. Mzee akaitikia kila neno. Kisha Mama Mhuri akabandika picha ya binti kwenye hati, akapuliza mhuri, akaushusha.

Paa!

"Karibu nyumbani," akasema, "ingawa naona ulikuwapo siku nyingi."

Binti aliishika hati kwa ncha za vidole, akaogopa hata kuikunja. Mzee alilia mbele za watu bila haya, akapigwapigwa mgongoni na wale wale waliomcheka Jumatano.

Hawakufika hata nje ya geti, Mzee akapiga picha ya hati kwa simu akaituma baharini. Kwa bahati meli ilikuwa karibu na nchi kavu. Simu ikaita papo hapo, na kwenye kioo akatokea mwanawe, uso una grisi, kofia ya sufu imeshushwa mpaka chini ya masikio kama kawaida yake.

"Baba!" akaita. "Nani huyo kwenye hati mwenye masikio yangu?"

Binti akamnyang'anya babu yake simu.

"Vua kofia, Baba," akasema. "Si yako peke yako tena. Nimeshayaandikisha."