Mota Iliyovikwa Kanga

Ziada, Mama Hamidu, hakuwa mtu wa kuchoka upesi, lakini mota ile, jamani, ilimchosha. Msimu mmoja iliungua mara tatu kwenye mashine yake ya kusaga pale Newala. Kila ikiungua, mumewe Sultani, fundi wa kusuka mota, alishinda pale siku tatu akiisuka waya upya, na wateja wakabeba makopa yao ya muhogo kwenda kusaga kwa jirani.

Korosho zilipouzwa, Ziada akapanda gari hadi Masasi, akarudi na mota mpya yenye mitambo ya kujiongoza humohumo ndani. Boksi la kuwashia la ukutani halipo, wala nyaya za kukanganya. Inaanza taratibu, na umeme ukishuka inajizima yenyewe isiungue.

"Na kadi ya hiyo mitambo ya ndani ikifa?" Sultani akauliza. "Hiyo haisukwi, Mama Hamidu. Utaitupa nzima nzima."

"Wivu tu huo, Baba Hamidu!"

Alikuwa akitania, lakini Sultani hakucheka. Tangu siku hiyo hakukanyaga tena mashineni. Mchana alikula nyumbani peke yake. Jambo hilo likamkaa Ziada rohoni, maana alimpenda mwanaume yule na kununa kwake kote, na hakujua amemkosea nini hasa.

Wiki ya tatu, asubuhi yenye foleni, mota ikazima. Taa nyekundu. Ziada akabonyeza, akabembeleza, akaitukana kwa Kimakonde. Wapi! Akampigia mumewe simu.

Sultani akaja, akatazama, akashika kiuno. "Nani kaivika nguo?"

Ziada, kwa kuhofia unga usiingie, alikuwa ameifunga kanga mbili gubigubi, kama mwali anayetolewa unyagoni.

"Si nimeisitiri na vumbi?"

"Umeifukiza, mke wangu! Akili yake imo tumboni mwake. Joto likizidi, inajizima kabla haijafa. Ile ya zamani ingeungua tu."

Akazivua kanga, akachukua pampu ya baiskeli akapuliza unga uliogandamana. Wakakaa juu ya gunia moja kusubiri ipoe.

"Mota nzuri hii," Sultani akasema, macho chini. "Ndiyo maana naichukia. Ile mbovu ilinipa siku tatu za kushinda nawe. Hii nitaijia nini?"

Ziada akamtazama. Miaka ishirini na mbili ya ndoa aliamini mumewe anapenda mota kuliko watu. Machozi yakamlenga, akamsukuma bega. "Ee, mwanaume wewe!"

Taa ikageuka kijani, mota ikaamka, wateja wakapiga vigelegele.

Kesho yake saa nne Sultani akaingia mashineni mikono mitupu, hata bisibisi hana. Foleni nzima ikashtuka.

"Fundi, imeharibika tena?"

"Haijaharibika," akajibu, akivuta kigoda karibu na mkewe. "Nimekuja kukaa na Mama Hamidu."