Mafuta Yakinyamaza

Kijiti cha kupimia oili ya giaboksi ya mashua kilitoka kikiwa cheupe. Klementi alikifuta kwa kitambaa, akakirudisha, akakitoa tena. Weupe ulikuwa uleule, weupe wa uji wa mchele uliopoa. Alichovya ncha ya kidole, akaonja, akatema. Chumvi.

Hakushtuka. Kushtuka hakumsaidii fundi, kupanga humsaidia. Maji ya bahari yangeweza kuingia katika giaboksi ile kwa njia tatu, na kufikia adhuhuri alikuwa amekwisha kuziondoa mbili. Iliyobaki ilikuwa kipoza oili, bomba nene lenye mirija myembamba ndani yake. Maji ya bahari hupita ndani ya mirija, oili huizunguka kwa nje, na viwili hivyo havipaswi kukutana. Alilifungua bomba, akaliziba upande mmoja, akalizamisha katika beseni na kupuliza upande wa pili. Mapovu yakatokea pasipostahili kutokea. Mrija mmoja ulikuwa umeliwa. Akauziba ncha zote mbili kwa risasi iliyoyeyushwa, akapuliza tena. Beseni likatulia.

Ubovu ulikuwa umekwisha. Oili mpya ndiyo haikuwapo. Bohari ya Lindi ilijibu barua yake kwa mstari mmoja: oili ya aina hiyo haipo hadi itakapotangazwa.

Kijiji cha Rasini kilikuwa na nyumba mia moja na arobaini zilizonyoshwa mistari kwa kamba, shule, ofisi ya chama na visima viwili, vyote vya chumvi. Watu walikuwa wameletwa hapo mwaka uliotangulia, 1974, kutoka Mitondo, mwendo wa saa tano kwa miguu kuuzunguka msitu wa mikoko. Mitondo kulikuwa na kisima kitamu. Alipopima ardhi ya Rasini, mpimaji hakuyaonja maji yake. Mkoa ulilikiri kosa hilo bila kulitaja: uliwapa mashua ya mbao yenye injini ya dizeli ndani, na fundi wa kuitunza, Klementi, aliyesomea ufundi Ndanda. Mara mbili kwa wiki mashua ilikwenda Kilwa Kivinje na kurudi na mapipa kumi na mawili ya maji. Sasa ilikuwa imelala siku tisa, na katika ghala la kijiji yalibaki mapipa mawili.

Rai ya kuipika oili ilitoka kwa Bi Mwanasha, mjane aliyeishi kwa kukamua nazi na kuuza mafuta yake. Alimkuta Klementi pwani akilitazama debe la ule uji mweupe.

"Shikamoo, Bi Mwanasha."

"Marahaba, fundi. Unalitazama hilo kama posa iliyorudishwa. Limekukosea nini?"

"Oili imeingiwa na maji. Hayataki kuachana."

Alichungulia, akacheka. "Mbona hili tui! Sisi kila siku twayatoa maji katika mafuta. Lete uani kwangu."

Aliinjika sufuria yake kubwa juu ya moto mdogo wa vifuu. Klementi alikuwa na kipimajoto, akakitoa mfukoni. Mwanasha alimwambia akirudishe.

"Sikiliza. Mafuta yenye maji yana maneno mengi. Maji yakiisha, mafuta hunyamaza. Ndipo unaipua."

Oili ilianza kulalama, kisha ikatatarika, ikarusha vitone vilivyomchoma Klementi mkononi.

"Vumilia," Mwanasha alimwambia. "Wanaume mnasema mnajua moto kwa kuwa mnavuta sigara."

Polepole weupe ukavunjika. Kwanza ikawa rangi ya chai ya maziwa, kisha ya asali mbichi. Sauti ikapungua, ikabaki tone moja moja, kisha haikubaki kitu. Klementi aliichuja kwa kitambaa cha kaniki, akaitia katika chupa na kuiinua juani. Aliweza kuvihesabu vidole vyake upande wa pili. Katika wiki sita zilizopita alikuwa ameandika barua tisa za vifaa, na hakuna barua iliyomletea kitu alichoweza kukishika namna ile.

"Fundi," Mwanasha aliita. Alikuwa ameinama juu ya sufuria tupu. Alikwangua chini kwa ukucha, akaunyosha mkono. Palikuwa na unga wa kijivu. "Onja."

Hakuhitaji kuonja, lakini alionja. Lilikuwa jambo analolijua kila mtoto wa pwani ile aliyewahi kupita kwenye mashamba ya chumvi: jua huchukua maji, chumvi huiacha. Iliyotua ilikuwa pale chini ya sufuria. Iliyo laini zaidi ilikuwa imepita katika kaniki, nayo imo ndani ya ile rangi ya asali, na nyingine imeganda kwenye beringi za giaboksi. Dizeli, ambayo mafundi huoshea vyuma, haiyeyushi chumvi. Maji matamu ndiyo huiyeyusha. Kuiosha oili ile na giaboksi yake sawasawa kungetaka si chini ya nusu pipa kati ya yale mawili ya ghalani.

Hakulisema hilo. Alikunja kaniki yake, akashukuru.

Mwenyekiti wa kijiji, Mfaume Likwata, alikuja jioni hiyo pamoja na watu wapatao ishirini. Alikuwa mtu wa maneno machache, na alikuja kutafuta neno moja.

"Alhamisi anakuja ofisa wa wilaya," alisema. "Nataka jibu lako kabla hajaja. Kama mashua imekufa, nitamwambia turudi Mitondo. Hakuna ofisa atakayeniambia uso kwa uso watu wanywe chumvi. Kama imepona, sina hoja. Imepona au haijapona?"

Watu walikuwa wakiitazama chupa mkononi mwa Klementi. Naye aliitazama. Mwanasha alisimama nyuma yao, mikono ndani ya kanga, kimya.

"Imepona," Klementi alisema.

Wanawake walipiga vigelegele. Baadaye alijaribu kulipima jibu lile kama alivyopima kila kitu. Injini ingewaka, hilo lilikuwa kweli. Gia ingeshika, nalo kweli. Uvujaji ulikuwa umezibwa. Kila kipande cha jibu kilisimama peke yake. Vilikataa kusimama pamoja.

Alhamisi ofisa alipanda mashua mpaka Kivinje, akarudi na mapipa kumi na mawili. Alikunywa kikombe cha maji, akawapongeza kwa kujitegemea, akaandika jambo katika daftari lake. Mfaume alimsindikiza hadi kwenye gari. Habari ya Mitondo hakuitaja.

Siku ya kumi na sita tangu safari ile giaboksi ilianza kulia, sauti nyembamba iliyopanda kila mashua ilipoongeza mwendo. Klementi alipunguza mwendo. Siku ya kumi na tisa, mapipa yakiwa tupu na Kivinje ikionekana, gia iliacha kushika. Injini ilinguruma vizuri, rafadha inayosukuma mashua ilisimama. Mkondo wa maji uliwarudisha nyuma, nao wakasukuma kwa pondo, wakafika Rasini bila tone.

Alifungua giaboksi siku ya pili. Beringi zilikuwa na vishimo kama uso wa aliyepona ndui. Aliandika taarifa ya kurasa mbili na hakuacha neno: chumvi, sufuria, kaniki, na kwamba alijua. Mfaume aliipeleka wilayani kwa mkono wake mwenyewe, pamoja na ombi la kurudi Mitondo. Jibu lilifika baada ya siku kumi na mbili. Ofisa aliiona mashua ikifanya kazi kwa macho yake. Wananchi wasubiri oili.

Hawakusubiri. Waliondoka kaya mbili mbili, kabla ya alfajiri, bila ruhusa, na sufuria vichwani. Kwanza walikwenda wenye watoto wachanga. Nyumba za Mitondo zilikuwa zimebomolewa. Walisema watalala chini ya makuti mpaka waje kufukuzwa tena.

Mwanasha alipita pwani siku ya zamu yake ya kuondoka. Sufuria kubwa aliiweka mchangani karibu na mashua.

"Nakuachia. Nimeisugua kwa mchanga mara saba. Mafuta ya nazi nikiyapikia humu, wateja wanasema yananuka mashua."

"Bi Mwanasha, siku ile ulinyamaza."

"Nilikuonyesha, fundi. Uliulizwa wewe, haikuulizwa sufuria."

Alijitwisha mzigo wake, akaifuata njia ya mikoko. Klementi alimtazama mpaka kanga ikapotea.

Kisha aliteka oili iliyobaki katika giaboksi. Haikuwa nyeupe, ilikuwa nyekundu kwa kutu. Aliimimina katika sufuria, akawasha vifuu, akachutama na kutega sikio. Nyuma yake nyumba zilizonyoshwa kwa kamba hazikutoa sauti ya mchi wala ya jogoo. Alichochea moto. Oili ilipata joto, ikaanza kutoa moshi, nayo haikusema kitu. Haikuwa na maji tangu ilipopikwa uani; iliyobaki ndani yake ni chumvi.

Aliendelea kuisikiliza.