Dawa Iliyobaki

Daktari alimwuliza Mama Mayai swali jepesi tu: mtoto amekuwa akila nini?

"Mayai, daktari. Mabichi, kwenye maziwa ya vuguvugu. Ili apate nguvu."

Kwao yai lenye ufa haliuzwi, ni la nyumbani. Na kadiri kitinda mimba wake alivyozidi kuharisha na kunyong'onyea, ndivyo alivyozidi kumpigia mayai. Mama wa watu alidhani anamwokoa.

Mayai yenye ufa yaliongezeka tangu wabadilishe banda la kuku. Wateja walitaka mayai ya kuku wanaotembea, basi mumewe akavunja vizimba vya ghorofa tatu na kuwashusha kuku wote chini, wote, kana kwamba sakafu ingetanuka kwa heshima yao. Maranda ya mbao yaliyotandikwa sakafuni yakalowa, kuku wakataga juu ya kinyesi, wakaanza kuumwa. Wakiumwa, dawa kwenye maji. Wasipoumwa, dawa vilevile, eti kinga.

"Mwanao ana vimelea sugu," daktari alisema taratibu. "Inawezekana kabisa vimetoka bandani, vimeshazoea dawa mnazowapa kuku. Dawa tulizompa hazivigusi. Imebaki moja, kolistini. Nayo ikigoma, mama, sina nyingine."

Mama Mayai alikuwa hajawahi kulisikia jina hilo, na kwa kuwa lilikuwa geni aliling'ang'ania kwa moyo wote. Alitoka mbio hadi koridoni akampigia mumewe simu.

"Baba watoto, dawa ipo! Ila kuku usiwape tena dawa. Daktari anasema ndiyo inayotuponza."

"Haya, naacha. Lakini hii ya sasa, mke wangu, ni kiboko. Ile ya zamani iligoma kitambo. Tangu niwashushe sakafuni nawapa hii. Mwenye duka kaapa hakuna kali kuizidi."

"Inaitwaje?"

Alimsikia akikung'uta vumbi kwenye pakiti, kisha akisoma kwa kujikongoja kama mtoto wa darasa la kwanza. "Ko... li... sti... ni."

Simu ilibaki sikioni, mumewe akiita, "Haloo? Mama watoto? Umenisikia?"

Wodini, muuguzi alikuwa ameshatundika dripu ya kolistini. Alimwona mama mlangoni, akatabasamu kumtia moyo. Mama Mayai naye akatabasamu, maana mtoto alikuwa anamtazama.