Ngamia wa Kidole cha Kapteni

Jumanne ile Gelle alishindwa kumaliza hata kikombe kimoja cha chai. Aliketi, akainuka, akaingia dukani mwake kupanga upya chupa za dawa ya minyoo ya mbuzi ambazo alikuwa amezipanga asubuhi, kisha akatoka tena na kuuliza lile lile aliloliuliza kabla ya adhuhuri.

"Bado hawajatangaza?"

"Adeer, mzee wangu, ni Jumamosi," akajibu Abdihafid, karani wa kaunti ambaye saa za kazi zilimkuta kwenye kibanda cha chai cha Habibo mara nyingi kuliko mezani pake. "Hata ukifungua hiyo simu mara mia, Jumamosi haiwezi kuja leo."

Kilichosubiriwa ni majina kumi na matano ya timu ya taifa ya kriketi itakayokwenda Entebbe. Naam, kriketi, na hapa ni Garissa, ubavuni mwa soko la mifugo. Mwenye kucheka na acheke, amalize. Gelle alisomea dawa za mifugo Hyderabad, India, miaka minne, akarudi na cheti kimoja na ugonjwa mmoja. Cheti kilimpa duka. Ugonjwa akawaambukiza wenzake: Abdihafid, anayependa takwimu; Yarow, dalali wa ngamia, anayependa ubishi wowote mradi una pande mbili; na Habibo muuza chai, ambaye hakuomba kuambukizwa, ila ameyasikia mabishano hayo miaka kumi na miwili mpaka anaijua kriketi kuliko wote.

Lakini aliyepatwa na ugonjwa huo kweli kweli ni Keynan, mtoto wa dada yake Gelle. Alianza utotoni kurusha mpira uliozungushwa utepe kwenye mchanga wa mto Tana maji yakipungua. Sasa alikuwa na miaka ishirini na miwili, yuko kambini Nairobi, mrushaji wa kasi ambaye hakuna mpigaji aliyependa kusimama mbele yake. Kutoka huku kwetu hajawahi mtu kuvaa jezi ya taifa ya mchezo huo. Keynan angekuwa wa kwanza, na wateuzi wangemchukua bila maneno mengi, lau si kidole.

Kidole chenyewe ni cha kapteni. Jumapili mazoezini kapteni, akiwa ameshika gongo, alimwambia Keynan kwamba anarusha kama mtu anayefukuza kuku. Keynan akamjibu kwa sauti, kocha akisikia. Mpira uliofuata ukadunda, ukaruka juu kuliko kawaida, ukampiga kapteni mkononi na kuvunja kidole. Kapteni akasema: umenikusudia. Keynan akasema: uwanja ndio uliourusha. Basi kamati ya nidhamu ikaitisha kikao Ijumaa, na majina yakasogezwa mpaka Jumamosi.

"Miwani ana kiburi," alisema Yarow, ambaye kila p kwake ni b, akikunja mguu juu ya benchi. Miwani ni huyo kapteni. Huku mtu akishaonekana na sifa moja tu, jina la kwenye kitambulisho limemaliza kazi, na kapteni hakuwahi kuonekana kwenye picha bila miwani ya jua. "Kabteni mzuri hatukani watoto wake mbele ya watu."

"Si kiburi, ni uoga," akasema Abdihafid. "Huyo msee ameisha. Msimu huu ametolewa mara sita, mara tano na warushaji wa kasi. Anamwona Keynan anaona kustaafu."

"Nyinyi mnamsema mtu kwa sababu mtoto wetu kamvunja," akadakia Habibo bila kuinua macho kwenye sufuria. "Ile mechi na Uganda, ova ya mwisho, ile mipira sita ya kufunga mechi, nani alimpa mpira yule kijana mgeni aliyekuwa akitetemeka? Miwani. Na mpira wake ulipopigwa nje ya uwanja, nani alikwenda kumshika bega? Miwani. Ana mdomo, lakini roho yake ni safi."

"Na Keynan je?" akauliza Yarow.

"Keynan ni Keynan."

Hapo wote walimtazama Gelle. Keynan naye ana jina lake, Kiberiti, na aliyempa ni Gelle mwenyewe, siku mtoto alipokuwa na miaka tisa akamtupia jiwe mwenzake aliyemwambia ametolewa. Mtoto yule mwingine alishonwa nyuzi tatu. Gelle alikuwa akisimulia kisa hicho kwa kucheka kila mwaka. Wiki hii hakikumchekesha.

"Shida ni kwamba wateuzi hawajui zamu," Yarow akaendelea. "Timu ya taifa ni kama viti vya kaunti. Huyu ukoo wake umekula jana, leo ale mwingine. Sisi hatujakula hata mara moja."

"Wiketi haina ukoo, adeer," akasema Abdihafid. "Vijiti vya mpigaji vikianguka, vimeanguka."

"Kila kitu iko na ukoo."

Simu ya Gelle ikalia. Alikuwa Keynan, na Gelle akaondoka mbio hadi nyuma ya duka kama kijana aliyepigiwa na mchumba.

"Abti," alisema Keynan. Ndivyo wanavyoitana Wasomali, mjomba humwita mpwa abti na mpwa humwita mjomba hivyo hivyo. Neno moja linakwenda na kurudi. "Nimeandika maelezo yangu. Hakuna aliyeona zaidi ya niliyoyasema, na kocha ananiunga mkono. Naomba kitu kimoja tu. Mnyamaze. Usiongee na mtu, usimpigie mtu, usimtume mtu. Sawa, abti?"

"Sawa, abti. Unakula vizuri?"

"Nakula."

Swali la kama alikusudia lilikuwa pale tangu Jumapili. Hakuliuliza. Aliuliza habari za baridi ya Nairobi, akaambiwa ipo, simu ikakatika.

Aliporudi kibandani Yarow alikuwa ameshaanza. Kwa mila ya hapa, mtu akiumia, hakuna anayeuliza kwanza kama ni kusudi au ajali. Jeraha ni jeraha. Wazee wa aliyeumiza huenda mapema, kabla hasira haijaota mizizi, na hawaendi mikono mitupu. Mambo makubwa kuliko kidole yamemalizika hivyo, na watu wakala sahani moja.

"Tunaenda mabema," Yarow alisema. "Tunaenda na mnyama. Miwani akishakubali, kamati itasema nini? Mwenye kidole amesamehe, wao ni nani?"

"Keynan amesema nini kwenye simu?" Habibo akauliza.

Gelle alikunakuna ndevu. "Amesema tunyamaze."

"Basi nyamazeni! Mtoto ameomba kitu ambacho hakina gharama yoyote."

"Kunyamaza ndiko kugumu, walaal, dada yangu," Gelle alisema, na huo ulikuwa ukweli wake wote. Usingizi haukai, chakula hakishuki. Kungoja siku nne bila kufanya lolote, mtoto wa dada yake akiwa mikononi mwa watu asiowajua, kulikuwa kama kukaa juu ya siafu. Yarow alikuwa amempa kitu cha kufanya, na mtu aliyekaa juu ya siafu haulizi anaambiwa aruke upande gani.

Kesho yake ilikuwa Jumatano, siku ya soko. Walichagua ngamia jike mchanga, mweupe, mwenye macho ya kupendeza, wakampandisha kwenye lori la mifugo linalokwenda Nairobi. Alhamisi alfajiri Gelle na Yarow wakafuata kwa gari la kukodi. Njia nzima Gelle alibadilisha mguu wa kukunja, akafungua dirisha, akalifunga, mpaka dereva akamwomba kwa adabu achague moja.

Kapteni alikuwa akiishi orofa ya tatu, South B. Lori lilimshusha ngamia mbele ya geti, na mlinzi wa geti, aliyezoea kuandika namba za magari, akabaki na kalamu hewani. Watoto wakamiminika kutoka kila mlango. Mama mmoja alipiga picha. Ngamia, aliyechoka na safari, alianza kula ua la miti ambalo kwa kuonekana lilikuwa fahari ya mtaa.

Miwani alishuka bila miwani. Ajabu, alikuwa kijana tu, macho makubwa, kidole cha kati kimefungwa bendeji kama mwiko mdogo. Aliwaamkia kwa mikono miwili, huku akichunga kile kidole, akaagiza viti na maji ya matunda. Gelle akajisikia vibaya kwa kila neno alilowahi kumsema.

Yarow akasimama, akatoa salamu ndefu, akamshukuru Mungu, akafika alipokuwa akienda. "Kabteni, mtoto wetu amekukosea. Sisi ni wazee wake. Tumekuja kubeba kosa lake, na huyu mnyama ni wako."

Kapteni alimtazama ngamia, akamtazama Yarow. "Wazee, nawashukuru. Lakini nielewe vizuri. Mnasema alinikusudia?"

"Sisi hatuulizi kusudi. Tunauliza nani ameumia."

"Mimi naulizwa kesho, mzee. Nikiulizwa lazima nijibu." Akamgeukia Gelle. Hakuwa na ukali hata kidogo. Alikuwa kama mtu anayetaka kusaidiwa. "Kusema kweli, tangu Jumapili nimekuwa nikiufikiria ule mpira. Nilisema kwa uchungu. Sijui. Wewe ni mjomba wake, umemlea. Wewe unasemaje?"

Gelle angeweza kusema: sikuwepo. Angeweza kusema: muulize mwenyewe. Yapo maneno mia ambayo yangefaa, na yote yalimjia baadaye njiani, moja baada ya jingine, karibu na mji wa Mwingi. Wakati ule alitaka jambo liishe, liishe sasa hivi, asimame, arudi kwao. Na aliona lile jiwe la utotoni na zile nyuzi tatu.

"Kijana ana hasira," akasema. "Tangu mdogo. Hasira ikimpanda haoni. Msamehe, baba."

Kapteni akainamisha kichwa. "Nimemsamehe," alisema. "Wallahi sina kinyongo naye."

Wakasoma Fatiha. Ngamia huyo kapteni hakutaka kumpokea, wakamlazimisha, mwishowe wakakubaliana akatunzwe na jamaa yao wa Eastleigh. Wakarudi Garissa roho zimewatulia. Yarow aliimba njiani. Habibo alipopewa habari alimwaga chai iliyokuwa imepoa, akateleka nyingine.

Jumamosi majina yalitoka saa sita kasoro. Abdihafid aliyasoma kwa sauti, akihesabu kwa vidole. Alipofika wa kumi na tano akarudi juu akaanza tena, polepole, kama mtu aliyeangusha ufunguo mahali anapopajua. Kapteni alikuwemo, nje kwa wiki tatu kisha anajiunga. Keynan hakuwemo. Chini kabisa palikuwa na mstari mmoja: mchezaji huyo amefungiwa mwaka mzima kwa kumuumiza mwenzake kwa makusudi.

"Lakini amesamehewa!" Yarow alipiga kelele. "Mwenye kidole amesamehe! Hawa ni watu wa aina gani?"

"Aliyesamehewa ni aliyekosa," Habibo alisema. "Nyinyi ndio mliowaambia kwamba amekosa."

Gelle alisimama. Akaketi. Akasimama tena akaingia dukani, na simu ikalia humo humo mkononi mwake.

"Abti," alisema Keynan.

"Abti, nimeona. Nitakwenda huko mwenyewe kesho. Nitawaeleza. Wale hawajui mila yetu, hawajui kwamba sisi hata ajali—"

"Miwani amenipigia." Sauti ya kijana ilikuwa tulivu, na utulivu huo ndio uliomtisha Gelle, angependa kusikia matusi. "Alikuwa karibu kulia. Anasema aliingia kikaoni akitaka kuwaambia hana hakika. Wakamuuliza kama kuna jipya. Hakutaka kudanganya, akawaambia wazee wangu walikuja."

"Kwa mila, abti. Kwa mila tu. Mtu analipa hata kama hakukusudia. Unajua hilo tangu unanyonya."

"Mila naijua. Ngamia ningeweza kuwaeleza. Nilikuwa nimeshaanza kuwaeleza, na mzee mmoja wa kamati alikuwa akinielewa. Halafu wakamuuliza Miwani wazee walisema nini, naye akajibu kwamba mjomba wangu alisema hasira ikimpanda haoni."

Nje Yarow alikuwa bado akibishana, sasa na mpita njia.

"Nikuulize kitu," Keynan alisema. "Jumanne nilipokupigia, hukuniuliza kama nilikusudia. Nilifurahi. Nilisema, abti haulizi kwa sababu anajua. Ulidhani nilikusudia?"

Ingekuwa rahisi kusema hapana. Gelle alikuwa muuza duka, uongo mdogo haukumshinda. Lakini mtoto alikuwa ameuliza wazi, na yeye alikuwa amechoka na ule mchezo wa kukimbia kila swali tangu Jumapili.

"Nilidhani," alisema.

Gelle aliitoa simu sikioni kuangalia kama imekatika. Haikuwa imekatika.

"Sikukusudia," Keynan alisema. "Ungeniuliza, ningekuambia."

Kisha akauliza hali ya mke wa Gelle, akauliza kama mvua imegusa upande wa Kotile, akauliza kama bei ya mbuzi imepanda, akangoja kila jibu mpaka mwisho na kulishukuru, kwa adabu zote, kama anavyojuliwa hali mtu baki.