Mwanaheri Angali Sakafuni

Usiku wa jana niliota jambo ambalo, kwa miezi yote niliyohariri juzuu ya kwanza ya kamusi yetu, A hadi F, sikuwa nimeliona: Mwanaheri alikuwa angali sakafuni.

Mwanaheri nilimbuni mwenyewe. Neno fahamu lilihitaji sentensi ya mfano, kama ilivyo desturi yetu watunga kamusi, nami nikaandika: "Mwanaheri alipoteza fahamu akikaanga maandazi." Nikaweka nukta, nikaenda kunywa chai.

Katika ndoto nimo jikoni mwake. Jua linawaka dirishani. Karai linanitazama kwa hasira.

"Mwalimu, maandazi yanaungua tangu ulipoweka nukta," linasema.

Ninachuchumaa kando ya Mwanaheri. "Bibi, unanisikia?"

"Sikusikii," anajibu kwa adabu, macho ameyafumba. "Nimepoteza fahamu."

"Pole sana."

"Hiyo pole nayo siisikii. Kanitafutie fahamu yangu. Juzuu ikichapwa hivi, nitalala hapa mpaka toleo lijalo, na matoleo yenu nayajua mimi!"

Ukutani mtambo wa chapa unaanza kunguruma. Ninafungua kabati la vyombo, nami niko katika mtaa wa herufi F. Fahali anacheua karatasi barazani kwake.

"Hodi. Jirani yako Fahamu yupo?"

"Mlango unaofuata. Ukimfikia Fahari umepitiliza."

Fahari, aliyevaa makoti matano, ananiita kutoka dirishani: "Mbona mimi hukuniulizia?"

Fahamu ni kibibi mfupi mwenye miwani miwili, mmoja juu ya mwingine. Ameketi juu ya sanduku lililofungwa kwa kamba.

"Nimejiandaa kwa safari tangu siku ile," anasema.

"Basi mbona hukurudi?"

"Kwa njia ipi? Umeandika alivyonipoteza, hukuandika nilivyomrudia. Na usithubutu kunibeba! Mtu hunipoteza mwenyewe, lakini hanifuati. Mimi ndiye ninayemrudia."

"Ulikuwa mfano tu, bibi."

"Kwako mfano. Kwake sakafu."

Mtambo umefika mtaani. Fahali amekwisha kuwa bapa kama karatasi, ila anaendelea kucheua. Tunakimbia kupitia kabatini, sanduku likigonga vikombe. Sina kalamu. Ninachovya kidole katika unga uliomwagika mezani na kuandika sakafuni: "Baada ya muda mfupi akarudiwa na fahamu."

Kibibi anasoma kwa miwani yote. "Muda mfupi?"

"Tafadhali, bibi!"

"Haya."

Anaingia kwa sikio la kushoto la Mwanaheri. Sanduku linakwama. Mimi na karai tunalisukuma.

Mwanaheri anaketi wima. "Yarabi, maandazi yangu! Nawe umesimama kama nguzo? Epua, mwalimu, epua!"

Niliamka nikiwa nimenyoosha mkono ili niepue. Chini ya ukucha wa kidole cha shahada palikuwa na unga mweupe. Ninaishi peke yangu na ninakula mkahawani. Unga haujapata kuingia nyumbani kwangu.

Kulipokucha nilimpigia simu Bi. Mwajabu, anayetupangia kurasa.

"Ninaomba kuongeza mstari mmoja, Bi. Mwajabu."

"Mwalimu jamani! Juzuu inakwenda kuchapwa leo! Mstari wa nani?"

"Wa Mwanaheri. Anainuka."

Nikamsikia akifunua kurasa.

"Afadhali," akasema. "Kila nikiufungua ukurasa ule nilikuwa namwonea huruma. Nisomee, nitamtafutia nafasi."

Nikamsomea. Mchana nilianza herufi G, na sasa simwangushi mtu katika sentensi ya mfano kabla sijaandika jinsi atakavyoinuka.