Kozi ya Kisiwani

Mwaka 2014 shirika moja lilituletea kozi ya kazi za hoteli katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi. Vitabu vyake viliandikwa kwa ajili ya nchi ya kisiwa, ndogo, inayoishi kwa watalii, na hakuna aliyejisumbua kubadilisha hata ukurasa mmoja. Malawi haina bahari. Mkimbizi naye haajiriwi mjini bila kibali, na kibali hicho sisi tulikisikia tu. Lakini fedha zilikwisha kutoka, kwa hiyo ilikuwa lazima tufundishwe.

Mwalimu wetu, Madam Gertrude, alikuja kwa gari kutoka Area 49, mtaa wa Lilongwe, akinukia vizuri. Alitufundisha kumpokea mgeni anayeshuka melini. Tulijipanga vumbini, tukalitabasamia shamba la mahindi, maana huko ndiko meli ilikotia nanga. Somo la upishi lilihitaji kambakochi. Tukapewa viazi vitamu.

"Mpasue mgongoni, taratibu," alisema Madam, na watu wazima tukapasua viazi mgongoni.

Mimi, Rodrigue, niliyewahi kufundisha sekondari Bukavu, Kongo, nilicheka waziwazi. Sumaya, mama kutoka Kindu aliyekaa karibu nami, alinikemea.

"We unacheka tu. Mi niko na batoto. Hata bakifundisha kupika mawe, nitapika."

Naye alipika kweli. Akawa wa kwanza darasani, na Madam akampeleka Lilongwe kwa usaili katika hoteli moja. Meneja alimpenda. Alimwonyesha mpaka chumba cha kubadilishia nguo, kisha akauliza kibali cha kazi kiko wapi. Sumaya akamgeukia Madam. Madam akatazama dari.

"Sisi tunajenga ujuzi," alisema. "Ajira ni mradi mwingine."

Alimshusha kituo cha basi, akaenda zake nyumbani. Sumaya alirudi kambini juu ya kabaza, baiskeli ya kubeba abiria, nyuma ya kijana aliyeiendesha, viatu vya kuazima mkononi. Nilitaka kumwambia kwamba nilijua mambo yangeishia hivyo. Nilipouona uso wake, nikampokea viatu.

Wiki iliyofuata walikuja wafadhili. Tuliandaliwa mchezo: wengine wahudumu, Sumaya mtalii, kavishwa kofia ya ukili na miwani myeusi. Nilimletea sahani ya kiazi, nikainama kama tulivyoagizwa. Akaisukuma.

"Hiki ni kiazi," alisema kwa Kiingereza cha kozi, kila mtu akisikia. "Niliambiwa hapa kuna bahari. Niliambiwa kuna hoteli, kuna kazi. Nani alinidanganya?"

Wageni wakacheka kwa furaha. Madam Gertrude akawanong'oneza kwamba hilo ndilo somo la mteja msumbufu.

Sumaya akavua kofia. "Madam, sichezi. Nakuuliza wewe."

Wakapiga makofi. Nami nikapaza sauti, "Jamani, haigizi huyu! Anauliza kweli!" Wakanipigia na mimi. Mzee mmoja alisimama kabisa, akifuta machozi ya kicheko, akasema tuna vipaji vya ajabu.

Sumaya alitoka katikati ya makofi hayo. Nilimkuta nyuma ya darasa, ameegemea ukuta.

"Rodrigue," aliniambia, "bale bantu, hata ukilia bataona ni théâtre, mchezo tu."

"Njo vile, yaya," nilimkubalia, kama mdogo kwa dada yake. Sikuwa na hamu ya kucheka tena.

Hakurudi darasani. Alianza kukaanga mandazi sokoni, na kwa kuwa alijua kuongea na watu, watu walimjia. Miezi michache baadaye gari la Madam lilisimama mbele ya karai lake. Kozi mpya ilikuwa imefika, mradi uleule, vitabu kutoka kisiwa kilekile. Walimtaka awe msaidizi wa mwalimu, kwa vile wafadhili bado walikuwa wakimsifu.

"Kufundisha nini?" aliuliza Sumaya.

"Uendeshaji wa boti," alisema Madam, na uso wake haukubadilika hata kidogo.

Sumaya aligeuza mandazi, akayaacha yaive upande wa pili, akayaepua.

"Zikomo, Madam," alimshukuru, kwa adabu zote. Kisha akamuuliza mteja aliyekuwa nyuma ya Madam anataka mangapi.