Madebe Nane ya Sisimizi

Mwaka wa hamsini na nne kiangazi kiligoma kuondoka Iringa. Desemba ilikuwa imeshaingia na mawingu hayaonekani. Watu wote waliingoja mvua, lakini hakuna aliyeingoja kama Fundi Isihaka, na yeye, wallahi, hakuwa na hata tuta moja la mahindi.

Isihaka alikuwa fundi cherehani, mtu wa makamo, aliyefiwa na mkewe miaka mitatu nyuma. Alichokuwa akingoja ni jibu la Bi Mwanahawa, jirani yake wa ua kwa ua, mjane muuza vitumbua aliyetoka Mbeya. Alipompelekea posa mwezi wa Septemba, mama huyo hakukubali wala hakukataa.

"Posa ya kiangazi mimi siijibu," alimwambia akiwa upande wake wa ua. "Marehemu alinioa kiangazi, mpole huyo, maneno laini. Masika yakaingia, paa likaanza kuvuja, ndipo nikamjua. Ngoja mvua ianze, fundi, nami nitakupa jibu."

"Mvua gani, Bi Mwanahawa? Maana na manyunyu nayo ni mvua."

"Mvua ya sisimizi. Wakitoa wenye mabawa, njoo uchukue jibu lako."

Sisimizi wenyewe walikuwa hapo hapo chini ya ua, katikati ya nyumba hizo mbili: weusi, wenye vichwa vikubwa, na mlango wao tundu moja ardhini lisilopita upana wa kidole. Walikuwa na miaka mingi pale kuliko wapangaji. Hakuna aliyewamwagia maji ya moto, kwa kuwa wote wawili walifundishwa chuo cha Kurani tangu wadogo kwamba sisimizi hauawi hivi hivi. Na namna ya kuwasoma, Mwanahawa alifundishwa na Kalinga, Mhehe muuza viazi kutoka Kilolo, aliyepita kila asubuhi na matenga yake. Kiangazi, alisema Kalinga, wanakusanya mbegu na kuzishusha ghalani chini kabisa, makapi wanayatupa nje. Mvua ikikaribia, wanajenga ukuta wa udongo kuuzunguka mlango. Mvua kubwa ya kwanza ikinyesha, wanatoka wale wenye mabawa, wanaruka kwenda kuoana.

"Hata kwao harusi ni mvua," Mwanahawa alisema, na Isihaka akalichukua neno hilo akakaa nalo kwenye cherehani wiki nzima, akashona suruali ya mtu miguu yote miwili upande mmoja.

Lakini kulikuwa na kesi. Mwanahawa alikuwa akianika mchele wake wa vitumbua kwenye mkeka karibu na ua, na kila siku mchele ulipungua. Mshtakiwa alikuwa jogoo wa Isihaka aitwaye Bwana Shauri, kama yule Mzungu mkuu wa wilaya, kwa jinsi alivyotembea kifua mbele kama anakagua kodi. Shahidi hakuwepo, hukumu ikatoka hivyo hivyo: Bwana Shauri akafungwa kamba mguuni, kwenye nguzo ya jiko, tangu Oktoba. Isihaka aliapa kwamba ndege wake hajala. Mwanahawa alimwambia kwamba mwanamume asiyeweza kumtawala jogoo ataitawala nyumba vipi. Basi fundi akarudi kwenye cherehani yake, moyoni ameumia.

Jumatatu ikaja barua kutoka Mbeya. Kaka yake Mwanahawa, Ahmadi, alikuwa anakuja Ijumaa kumchukua dada yake. Mwanamke hakai peke yake mji wa watu, aliandika. Kama hana mume, arudi kwa nduguze. Mwanahawa alimsomea Isihaka barua yote, kisha akaikunja.

"Na mvua hamna," alisema.

"Itakuja."

"Mimi nilishasema neno langu, fundi. Silirudishi nyuma." Akaingia ndani, na kwa sauti ya sufuria zilizogongana huko jikoni, Isihaka alijua kwamba naye hapendi kuondoka.

Usiku huo hakulala, na asubuhi akapata wazo. Ukiniuliza mimi, wazo la mtu asiyelala liogope. Kama sisimizi wanangoja mvua, alijiambia, basi waipate.

Mwanahawa alipokwenda sokoni na vitumbua vyake, Isihaka alichukua debe akaenda bombani. Hapo muelewe: mwaka ule, mwanamume mzima na kofia yake ya kiua kichwani, kupanga foleni ya maji na wanawake, ilikuwa kioja. Wanawake walimuuliza kama anaumwa. Akasema anafua. Wakamuuliza anafua nini, akasema kitambaa, wakacheka hadi anafika nyumbani. Akalimwaga debe kidogo kidogo kwa kata kwenye mlango wa sisimizi, kutoka juu, ili lifanane na mvua. Akarudi kuchota la pili. Na hata akaipiga sufuria kama ngoma mara mbili tatu, kwa ajili ya radi.

Jumatano Kalinga alipopita, alitua matenga.

"Kamwene, Bi Mwanahawa. Ebu ona. Hii sisimizi imejenga ukuta."

Kweli, walikuwa wamejenga. Mlango wao uliobomolewa na mafuriko waliuinua upya, na kuuzungushia udongo, punje juu ya punje, kimo cha kifundo cha kidole. Kalinga hakuwahi kuona ukuta mrefu vile. Akaeneza habari mtaa mzima: mvua kubwa, siku mbili tatu. Watu wakaingiza kuni chini ya vitanda. Bibi mmoja akaanua nguo mbichi. Mwingine akapanda juu ya paa kuziba bati, jua likamchoma kichogo. Isihaka aliyaona hayo yote kutoka barazani, akajisikia vibaya, na Mwanahawa alipokwenda sokoni akaenda kuchota tena, na kesho yake, na Ijumaa asubuhi.

Ijumaa baada ya sala, Ahmadi alikuwa ameshafika, mtu mnene mwenye haraka, na kanda la ukili la nguo za dada yake limeshafungwa. Mtaa mzima ulikuwa uani kuona mabawa. Mbinguni hakuna hata kipande cha wingu.

Sisimizi wakatoka. Hawakuwa na mabawa. Kila mmoja alibeba kitu cheupe, akakiweka juani, akarudi ndani kuchukua kingine. Walikuwa wanaanika. Ghala lao lilikuwa limelowa, nao walitoa akiba yao nje isiote, na kufumba na kufumbua ardhi ya pale mlangoni ilikuwa nyeupe.

Mwanahawa akachuchumaa. Akaokota punje moja, akainusa.

"Huu ni mchele wangu," alisema. "Chenga za Kyela. Huu ni mchele wangu wa tangu Oktoba."

Watu wote wakageuka kumtazama Bwana Shauri pale kwenye nguzo. Isihaka alijaa furaha, lakini haikumkalia, maana Kalinga naye alikuwa amechuchumaa, ameshika udongo. Akatazama juu. Akatazama chini.

"Imelowa," alisema Kalinga. "Iringa yote kavu, hapa imelowa. Hii siyo mvua. Hii ni maji ya bomba."

Wanawake wa bombani wakaanza kucheka mmoja mmoja. Njia ya mwongo ni fupi, na ya Isihaka ilikuwa fupi kuliko zote, kutoka bombani hadi uani.

"Ni mimi," alisema. "Nilitaka mvua ianze kabla hujaondoka. Kalinga, nisamehe. Jamani, toeni kuni chini ya vitanda."

"Mtu anayewadanganya hata sisimizi," Ahmadi alisema, "mke atamfanyaje? Haya dada, twende."

Mwanahawa hakusimama.

"Umechota siku ngapi?"

"Nne. Madebe mawili mawili."

"Bombani? Mbele ya wale?"

"Mbele ya wale."

Akaigeuzageuza ile punje ya mchele kiganjani.

"Miaka kumi na moja niliishi na marehemu," alisema. "Nikiwa na mimba, nikiwa na homa. Hakunichotea hata kata moja." Kisha akamgeukia kaka yake. "Lile kanda lifungue, kaka. Mvua ya kunitosha imeshanyesha."

Isihaka akavua kofia yake. Machozi yalimlenga, na hakuona haya.

"Na mfungulie huyo jogoo," Mwanahawa aliongeza. "Tumemwonea."

Isihaka akaenda mbio kwenye nguzo, akaikata kamba kwa mkasi wake wa kazi. Bwana Shauri akanyoosha mguu, akajikung'uta, akapita kifua mbele katikati ya miguu ya watu hadi kwenye mchele wa sisimizi, akaanza kuudonoa mbele ya mtaa mzima.

Mwanahawa alimtazama mpaka aliposhiba.

"Jibu langu ni lile lile," alisema. "Ila huyu tutamla siku ya harusi."